Mama Hakuja na Jahazi

Ipo kauli iliyokwisha kuota mizizi katika mwambao huu wa ziwa Tanganyika, kuanzia Nyanza-Lac kupanda hadi Rumonge na kuishia katika vichochoro vya Buyenzi mjini Bujumbura, nayo husemwa na watu wa namna mbili ambao katika mambo mengine yote hawasikilizani. Wa kwanza ni Mswahili mwenyewe, hasa akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kuketi safu ya mbele katika akdi ya mwanawe: husema kwamba asili yake ni Maskati, au Unguja, au Ngazija, na kwamba wazee wake walifika ziwani kwa biashara na dini. Wa pili ni jirani yake, hasa akiwa na ghadhabu ya mpaka wa shamba la michikichi: husema kwamba Mswahili ni mtu wa kuja, aliyeletwa na misafara ya pembe na watumwa, na aliyeletwa na njia aweza kurudishwa na njia hiyo hiyo. Mmoja hujisifu na mwingine hutukana, walakini maneno yao ni mapacha: kwamba Mswahili wa ziwani asili yake ni baharini.

Kauli hiyo naipinga. Siipingi kwa kuwa yaniudhi, ingawa yaniudhi; naipinga kwa kuwa hesabu yake ni mbovu.

Katika harusi moja hapa Rumonge, si miaka mingi iliyopita, nilimsikia mzee wetu mmoja akimsomea bwana harusi nasaba yake mbele ya mashahidi, fulani bin fulani bin fulani, mpaka akafika kwa baba wa saba, ambaye alimtaja kwa sauti iliyopanda kidogo kwa sababu huyo ndiye aliyevuka bahari. Watu waliitikia kwa heshima, nami pia niliitikia. Lakini nilipokuwa nangoja pilau nilianza kuhesabu vidoleni, vidole vikanishinda, nikaazima kalamu kwa kijana aliyekuwa akiandika zawadi. Madhali kila mtu ana wazazi wawili, na kila mmoja wao ana wawili, bwana harusi yule akipanda vizazi saba ana wazee 254, na katika kizazi cha saba peke yake wamo 128. Mzee wetu aliwataja saba. Wale 247 waliosalia, hata tukiwapunguza kwa ajili ya binamu waliooana kama ilivyo ada yetu, hawakuwa na kiti katika shughuli ile. Na nusu ya wazee wote wa bwana harusi walikuwa wanawake, ambao hakutajwa hata mmoja, ijapokuwa mmoja wao alikuwa nyuma ya pazia wakati huo huo akigawa sahani.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba sharia imemnasibisha mtu na babake, na kwamba anayetafuta nasaba kwa mama anafungua mlango wa bidaa. Sharia naiheshimu, wala sioni kwamba inavunjiwa heshima hapa, maana hukumu ya kumwita mtu kwa babake ni hukumu ya jina, ya urithi na ya wajibu wa kulea. Si khabari ya mahali ilikotoka damu. Isa huitwa bin Mariamu, na hakuna Mwislamu aonaye haya kulitamka jina hilo. Na Masharifu, ambao nasaba zao ndizo zilizoandikwa kwa wino mzuri kuliko zote katika pwani ya Afrika Mashariki, hawana njia ya kufika kwa Mtume ila kwa kupita kwa Bibi Fatuma. Kiondoe kiungo kile, na mnyororo wote unaanguka chini. Basi wenye nasaba bora kuliko sisi sote wanaitegemea kwa mwanamke, ilhali sisi wa michikichi na ndagala twaona aibu kumtaja.

Lililotukuta si amri ya sharia bali uvivu wa kumbukumbu, na uvivu huo ulikuwa na faida yake. Suria aliyemzalia bwana wake mtoto aliitwa umm walad. Kwa hukumu ya wanazuoni walio wengi hakuweza tena kuuzwa, alikuwa huru bwana wake alipokufa, na mtoto alizaliwa huru, akachukua jina la babake sawa na ndugu zake wa mke wa ndoa. Ni hukumu yenye rehema kuliko zilizokuwako katika mashamba ya miwa ng'ambo ya Atlantiki, ambako mtoto wa mjakazi alizaliwa mtumwa hata kama babake ni bwana wa shamba. Lakini kwa kuwa mtoto alipata kila kitu kwa babake, hakubaki mtu mwenye haja ya kukumbuka mamake alitoka kijiji gani. Jumba la Sultani lenyewe ni shahidi. Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, mamake alikuwa suria wa Kihabeshi. Dada yake Salme, aliyezaliwa 1844 na kuja kuandika kumbukumbu zake Ujerumani, mamake alikuwa Mcherkesi kwa jina la Jilfidan. Baba ni mmoja, Seyyid Said, na nasaba iliyosomwa ni moja. Walakini ukiuliza kwa upande wa mama, kaka na dada hao wametengana kama Uhabeshi ulivyotengana na milima ya Kaukasi.

Sasa elimu imetuletea kumbukumbu isiyo na uvivu. Ndani ya chembe hai za mwili, nje ya kiini, mna vyombo vidogo vigeuzavyo chakula kuwa nguvu, viitwavyo mitokondria, navyo vina vinasaba vyao wenyewe: duara dogo la herufi 16,569 na jeni 37, ambalo wataalamu wa Cambridge walilisoma lote kwa mara ya kwanza na kulichapisha 1981. Duara hilo mtoto hulipokea kwa mamake. Mitokondria za baba, zilizokuwa zikiisukuma mbegu katika safari yake, huharibiwa baada ya mimba kutungwa. Mwana wa kiume huishi nalo asimrithishe mtu, na binti huwapa wanawe wote. Katika kunakiliwa kwake, baada ya vizazi vingi, herufi moja hukosewa, na kosa hilo huendelea kwa wote watakaozaliwa katika uzi ule, mfano wa msahafu uliokosewa nukta na kila mwanafunzi akainakili nukta ile ile. Kwa kuyafuata makosa hayo ndipo mtu huweza kujua nani amenakili kwa nani. Kiswahili kimeyaita mambo haya vinasaba, kwa kulinyambua neno lile lile ambalo wazee wetu wamelifanya mali ya akina baba. Lugha imewacheka, nao hawajasikia.

Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley walitoa katika jarida la Nature matokeo ya kusoma mitokondria za watu 147 wa asili za mabara mbalimbali, na sehemu kubwa ya vinasaba hivyo waliipata katika kondo la nyuma, lililohifadhiwa baada ya akina mama kujifungua. Hapa nasimama kidogo, kwa kuwa sidhani kama mwanachuoni wa Berkeley aliweza kujua jinsi jambo hilo lisikikavyo katika sikio la Mswahili. Kwetu kondo la nyuma halitupwi ovyo. Huzikwa na wanawake, nyuma ya nyumba, mahali ambapo mbwa hafukui, na mtu mzima akiulizwa kwao hasemi alikozaliwa babake, husema, kwetu ni pale kilipozikwa kitovu changu. Wazee wanaojua hivyo kila siku hukisahau kitovu siku ya akdi. Wataalamu wale walikuta kwamba nyuzi zote za akina mama wa dunia hii zakutana kwa mwanamke mmoja aliyeishi, kwa makadirio yao, Afrika yapata miaka 200,000 iliyopita. Magazeti yakamwita Hawa, jina lililozaa fitina nyingi. Hakuwa mwanamke wa pekee katika zama zake, bali ni yeye tu ambaye mlolongo wa mabinti wake haujakatika hata leo.

Matawi ya mwanzo ya mti huo yamepewa herufi L, na L0, L1, L2, L3 na mengineyo ndiyo yaliyoenea kwa watu wa bara hili. L3 wataalamu walio wengi hulipa umri wa miaka 70,000 hivi na kuliweka Afrika Mashariki, ingawa wapo wachache wanaolitafutia chimbuko Asia. Nalo ndilo lililozaa M na N, ambayo kwayo wametokea Waajemi, Wahindi, Wachina, Waarabu na Wazungu kwa upande wa mama zao. Yaani yule baba wa saba, aliyetajwa kwa sauti iliyopanda, alibeba mwilini mwake uzi wa mama ambao ukifuatwa nyuma vya kutosha warudi upande huu huu wa dunia. Twamsifu kwa kutuletea asili, kumbe alikuwa anairudisha.

Atasema mtu, hayo ya miaka 70,000 ni mbali mno, nieleze ya juzi. Haya, ya juzi. Machi 2023 jarida lile lile la Nature lilichapisha utafiti wa mabaki ya watu 80 waliozikwa kati ya 1250 na 1800 katika miji ya pwani, kama Mtwapa, Manda na Kilwa, pamoja na mji mmoja wa bara. Miongoni mwa waliouongoza ni Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia wa Kenya, na David Reich wa Harvard. Utafiti huo uliwafedhehesha watu wa pande mbili. Wanahistoria waliokuwa wakiwacheka wazee kwa madai ya Ushirazi walikuta kwamba Uajemi umo kweli kweli: mchanganyiko ulianza yapata mwaka 1000, na kabla ya 1500 hivi ile sehemu iliyotoka Asia ilikuwa ya Kiajemi zaidi, nayo ililetwa na wanaume, na ya Kiarabu ikazidi baadaye. Lakini wazee nao walikuta kwamba walikuwa wamesema nusu ya khabari. Kwa wengi wa watu wale zaidi ya nusu ya vinasaba ilikuwa ya Kiafrika, na iliyoileta hasa ni mikono ya wanawake. Mitokondria zao kwa wingi mkubwa ni za matawi ya L. Msikiti ulijengwa na baba, na aliyelala naye katika udongo wa makaburi yale alikuwa binti wa hapa.

Ikiwa mambo ni hayo pwani, penye bandari na pepo za kaskazi na kusi zinazoleta majahazi kila mwaka, seuze Rumonge! Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wasifike Ujiji ila Februari 1858, karibu miezi minane ya homa na mahongo. Njia ile wanaume waliitembea. Bibi wa Kimaskati aliyeitembea ni nadra kama theluji sokoni. Muhammad bin Khalfan al-Barwani, tuliyemzoea kwa lakabu ya Rumaliza, aliyekuwa na makao yake Ujiji na kuuhangaisha mwambao wetu wa kaskazini katika miaka ya 1880, hakuja na kabila lake zima. Alitegemea watu wa bara waliojifunza kuvaa kanzu na kushika bunduki, Wangwana na Wamanyema, na wake zao walikuwa wa nchi hizi zizungukazo maji. Kanzu ilitoka mbali. Tumbo lilikuwa la hapa.

Na tusidhani kwamba watu wa zamani hawakuijua thamani ya uzazi wa kike. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, katika khabari za maisha yake alizozitoa kwa Kiswahili, aeleza mwenyewe jinsi alivyoupata utawala wa Utetela katika miaka ya 1870. Alisikia kwamba dada za mtawala Kasongo Rushie walitekwa zamani wakapelekwa nchi nyingine. Akadai kwamba yeye ni kizazi cha mmoja wao. Na mzee yule, aliyekuwa amekaa miaka mingi akiwalilia dada zake, akampokea kwa damu ya nduguye na kumwachia nchi. Ilikuwa hila, na Tippu Tip haoni haya kuisimulia. Walakini hila haifanyi kazi ila pale palipo na imani ya kuishika. Mfanyabiashara mkubwa kuliko wote wa bara, mwenye nasaba yake ya Kiarabu mkononi, alipotaka kuwa mwenyeji hakutaja baba saba, alitaja bibi.

Nageuka sasa kwa jirani yangu wa michikichi, ambaye hadi hapa amekuwa akicheka. Hana cha kuchekea. Ikiwa mama wa Mswahili ni wa hapa, ile njia anayotaka kumrudisha kwayo yaelekea wapi? Atasema kwamba Mmanyema na Mbembe si wa hapa. Basi na asimame gatini Rumonge asubuhi moja baada ya mvua kuosha anga, atazame magharibi, aniambie milima ile ya Ubwari ni ya nani. Burton alipopita 1858 aliidhani kisiwa. Mvuvi wetu aijua kama ajuavyo ua wa nyumba yake, maana mikeke haiulizi pasipoti, na waliokwenda kuifuata usiku kwa karabai wamekuwa wakirudi na ndagala, na mara nyingine na wake. Na yule mama aliyeletwa amefungwa kamba hakuja kunyang'anya shamba la mtu. Kumwita mwanawe mvamizi ni kumtoza mtekwa deni la mtekaji.

Dhana hii, kwamba kila chenye heshima kimetoka kaskazini-mashariki kwa miguu ya wanaume, wala si yetu. John Hanning Speke alifika katika ziwa hili macho yakiwa yamefumbwa na maradhi hata asiweze kuliona sawasawa; 1863 akachapisha kitabu chenye nadharia ya Wahamu waliotoka Uhabeshi kuja kutawala nchi za maziwa, na wakoloni waliofuata wakawapima watu pua na vimo kwa nadharia hiyo. Burundi imelipia, na haijamaliza kulipa. Aliyeshindwa kuliona ziwa ndiye aliyetufundisha namna ya kutazamana.

Upo mlango wa tatu, na nisipoufunga nitakuwa nimelinda nyumba mbele na kuiacha wazi nyuma. Kijana wetu mmoja aliyeko Marekani alitema mate katika kichupa, akalipa, akaletewa jawabu kwamba uzi wake wa mama ni tawi dogo la L3, na siku hiyo hiyo akatutumia ujumbe wa sauti, mrefu, wenye furaha, kwamba kumbe sisi ni Wahabeshi. Sikumjibu siku ile. Tawi la mti huu si kabila, wala si taifa. Ni la kale kuliko Uhabeshi na Urundi, kuliko lugha yoyote isemwayo leo. Mtu yule wa pango la Mota, kusini mwa Ethiopia, aliyezikwa miaka 4,500 iliyopita na vinasaba vyake kuchapishwa 2015, alikuwa wa L3. Na mama auzaye mawese kwa kidumu karibu na stendi ya Rumonge aweza naye kuwa wa L3, pasiwe baina yao na undugu wa karibu kuliko alio nao na mke wa balozi. Tena uzi huu wa mama, katika kile kizazi cha saba, ni mmoja katika 128, sawa na ule wa baba. Sikusudii kumshusha baba mmoja kitini nimpandishe mama mmoja, kisha tuanze kujisifu upya.

Hapa kwetu khabari ya asili si mchezo wa vichupa. Rumonge na Nyanza-Lac ndiko machafuko ya Aprili 1972 yalikoanzia, na mauaji yaliyofuata yakawamwaga watu hadi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, nchini Tanzania. Waliporudi miongo baadaye wakakuta wengine katika mashamba yao, na Tume ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa 2006, ikakaa miaka ikisikiliza nani alitangulia. Mtu asije mbele ya baraza la namna ile na karatasi ya mitokondria. Shamba lina mashahidi wake, miti iliyopandwa na majirani waliokula mavuno. Vinasaba havijui mpaka wa shamba, havijui hata mpaka wa mkoa, na nani atavilaumu, ikiwa mtoto aliyezaliwa Rumonge 2014 alizaliwa mkoa wa Bururi, mdogo wake wa 2016 mkoa wa Rumonge, na kitinda mimba wa sasa mkoa wa Burunga, wote watatu katika chumba kimoja?

Baada ya harusi ile nilikwenda kwa bibi yangu mzaa mama, nikamkuta barazani na ungo wa ndagala mapajani, akitoa mchanga kabla mteja wake hajafika. Nikamwomba anisomee nasaba yake ya kike. Alicheka kwanza. "Mjukuu wangu, hiyo nayo husomwa wapi?" Kisha akaokota ndagala mmoja akamlaza ukingoni mwa ungo: huyu mimi. Wa pili: mama yangu, kazaliwa hapa hapa Rumonge. Wa tatu: mama yake, kazaliwa Ujiji, akaletwa bibi harusi kwa mtumbwi. Wa nne alimshika muda mrefu baina ya vidole. "Huyu alivushwa ziwa amefungwa. Jina alilokuwa nalo kwao hatukuambiwa, hili tunalomwombea dua alipewa Ujiji." Nilidhani amemaliza. Akaokota mmoja tena, mdogo, akamlaza mbali kidogo na wenzake. "Na huyu ni mama wa huyo, aliyebaki ng'ambo akimtafuta."

Mteja akapiga hodi. Bibi akawasukuma wote watano warudi katika ungo, akauchanganya kwa mkono, akaanza kupima kwa kopo.